Uwanja wa Watoto, Kivuli cha Wazazi

Methali isemayo kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu imezoeleka kutamkwa kwa sauti ya tishio. Mkubwa humtupia kijana mkaidi, na maana inayobaki sikioni ni kwamba ulimwengu ni bakora inayongoja nje ya mlango. Lakini methali hiyo ikisomwa kwa utulivu ina zaidi ya hayo. Inataja walimu wawili, mama na ulimwengu, kisha inanyamaza juu ya mambo mawili: nani aliyeutayarisha ulimwengu uwe mwalimu mwema, na nani aliyemfunza mama kufunza. Ndani ya kimya hicho ndimo lilimojificha suala kubwa la malezi ya leo, na kimya hicho husikika zaidi katika miji iliyojaa wageni. Mpanda ni mmoja wa miji hiyo.

Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi huko magharibi ya Tanzania, ni mji uliokuzwa na safari. Ardhi ya huko ni ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, na jina la mkoa linatokana na Katabi, ambaye wenyeji husimulia kuwa roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walijenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na watu wakaendelea kushuka kwenye mabehewa. Katika miaka ya 1970 yakafunguliwa makazi ya Katumba na Mishamo kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wakaja wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, wakaja wakulima wa mpunga na tumbaku, wakaja wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwaka 2012 Katavi ukakatwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa kamili. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika muda wa miaka kumi, kwa kila mtu mmoja aliyekuwapo, ameongezeka mwengine na ziada.

Mtakwimu huliona ongezeko hilo katika jadweli. Mtoto huliona katika dawati la skuli, pale anapoketi kati ya wenziwe wawili ambao lugha ya nyumbani kwao si lugha ya nyumbani kwake, na hakuna hata mmoja miongoni mwao ambaye bibi yake anamjua bibi wa mwengine. Watoto wa kijiji cha kale walirithi ujirani kama walivyorithi majina. Watoto wa Mpanda hawana budi kuujenga wenyewe, na fundi anayejenga bila ya kuoneshwa hujenga ukuta wa kuanguka.

Zamani, somo hili la kutangamana lilikuwa na chuo chake, nacho ni uwanja. Hakuna aliyekiita chuo, lakini kilikuwa na mitaala. Katika mdako, mtoto hukaa chini mbele ya kishimo cha kokoto, akingoja zamu yake hali vidole vinamwasha kwa hamu; hapo hujifunza subira, kwani asiyejua kungoja hatokubaliwa kucheza tena kesho. Katika rede, ndugu wa nage ya Unguja, mtoto hukaa katikati na kukwepa mpira. Hujifunza kuisoma nia ya mtu kwa kumtazama bega na jicho kabla mkono haujarusha. Na katika kombolela limo fundisho la ajabu kuliko yote. Waliokamatwa husimama pamoja wakingoja, na yule aliyebaki mafichoni, ambaye angeweza kujificha mpaka jua lizame na kujiita mshindi, hutoka mbio akahatarisha salama yake ili awakomboe wenziwe. Hakuna hotuba ya uraia iliyowahi kulisema jambo hilo kwa ufasaha zaidi.

Aidha, michezo hiyo ilikuwa na mahakama yake. Mtoto aliyedhulumu alishitakiwa papo hapo, hoja zikatolewa, hukumu ikapita, na mchezo ukaendelea kwa sababu kila mmoja alitaka uendelee. Hii ndiyo siri ya uwanja: mtoto husamehe upesi pale anapokuwa na haja na mwenziwe. Chumbani, akiwa peke yake na kioo cha simu, hana haja na mtu, na msamaha hauna kazi.

Jambo linalosahauliwa ni kuwa chuo hicho hakikuwa cha watoto peke yao. Pembezoni mwa uwanja walikuwapo wakubwa. Wanawake walipukuchua mahindi, walichambua mchele, walisukana nywele; wanaume walikuwa kwenye bao au barazani. Jicho moja lilikuwa kwenye kazi na jicho jengine kwa watoto. Mama mwenye mtoto mkaidi alimwona mama mwenye mtoto mpole, na mazungumzo yakapita baina yao bila ya kuitishwa mkutano: huyu wangu hali, huyu wangu anapiga, huyu wangu mpaka leo hajasema neno. Bibi aliyekuwapo akasema alichokiona kwa watoto wake. Kwa hivyo yule mwalimu wa tatu, ambaye methali haikumtaja, alikuwapo. Alikuwa ni mkusanyiko wa wazazi wenyewe, wakifunzana huku mikono yao ikishughulika.

Leo katika nchi kadhaa wataalamu wa malezi wanakirejesha kitu kama hicho kwa mpango maalumu. Watoto wachache hukutanishwa nje ya nyumba, penye miti na mchanga, wakapewa michezo na kazi ndogondogo zinazowalazimu kushirikiana. Na saa hiyo hiyo, hatua chache kando, wazazi wao huketi na mlezi mmoja, wakazungumza juu ya jambo lile lile wanalojifunza watoto. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto waliochelewa katika ukuaji, yenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na msingi wake ni kuwa mzazi aliyesaidiwa huweza kulitumia kila tendo la siku, kuoga, kula na kucheza, kuwa ni somo. Tanzania nayo, mwezi wa Disemba 2021, ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo imeitaja malezi yenye mwitikio kuwa ni nguzo sawa na afya, lishe, ujifunzaji na ulinzi. Msomaji wa visiwani anaweza kutabasamu, kwa kuwa anaambiwa habari ya uwanja na baraza kana kwamba vimegunduliwa jana. Tabasamu hilo ni halali, ila lisimzuie kuuliza: kama tulikuwa navyo, vimekwenda wapi?

Vimekwenda pole pole. Katika Katavi mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na shamba jipya huwa mbali na nyumba. Familia nyingi huhamia shambani wakati wa kulima, na mtoto akaishi miezi kadhaa akiwa na ndugu zake na ng'ombe tu. Penye uchimbaji, mashimo yaliyoachwa wazi huufanya uwanja kuwa hatari. Mjini, viwanja vinapimwa, vinauzwa na kuzungushiwa ukuta. Mtoto wa kike huitwa jikoni mapema, na uwanja wake hufungwa kabla ya wa kaka yake. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015 na 2016 ulionesha kuwa katika Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichoshinda mikoa yote. Sababu za hali hiyo ni nyingi na uwanja peke yake hauziponyi. Lakini nambari hiyo inasema jambo moja wazi: katika mkoa huo mama anayetakiwa kufunza mara nyingi alikuwa bado mwanafunzi wa ulimwengu alipokabidhiwa mtoto. Kumlaumu kuwa hakufunza, naye hakupewa wakati wa kufunzwa, ni kumtoza deni la mtu mwengine.

Uzito wa suala hili haumuangukii kila mtoto sawasawa. Mtoto mchangamfu atajipenyeza popote, hata penye wageni watupu. Anayepotea ni yule asiyeitwa. Katika kila mtaa yuko: mtoto asiyemtazama mtu machoni, anayeziba masikio watoto wanapopiga kelele, anayepanga mawe kwa safu na kulia safu ikivunjwa. Yumkini ana usonji; yumkini ana ulemavu mwengine wa ukuaji; yumkini ni mzito wa kusikia na hakuna aliyempima. Majirani humwita zezeta, au hunong'ona kuwa amerogwa, na wengine husema ni adhabu ya kosa la mama. Mama naye, kwa kumhifadhi mwanawe na kujihifadhi mwenyewe, hufunga mlango. Kuanzia hapo watu wawili wamefungiwa, na mmoja wao ni mtu mzima ambaye hana wa kumuuliza kitu.

Hapa ndipo inapoonekana hekima ya kuviweka vikundi viwili pamoja. Mtoto huyo akipelekwa peke yake kwa mtaalamu, atafunzwa mambo ambayo mamaye hayajui, na nyumbani yatakufa. Mama akipelekwa peke yake kwenye semina, atapewa maneno ambayo hajayaona yakifanya kazi. Wakiwa pamoja chini ya mwembe mmoja, mama humwona mwanawe akikabidhi kokoto kwa mtoto mwengine kwa mara ya kwanza, na mama wa mtoto yule mwengine naye anaona. Uwanja wa nje una rehema ambayo chumba hakina. Chumbani mtoto yumo au ametoka. Uwanjani anaweza kukaa ukingoni, nusu yumo na nusu hayumo, akatazama siku tatu, na siku ya nne akasogea hatua moja bila ya mtu kumpigia makofi. Na kazi za nje, kama kuchota maji, kukusanya kuni za kuchomea mahindi au kujenga kibanda cha matawi, huwaweka watoto ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Kwa mtoto anayeuogopa uso wa mtu, ubavu ndio mlango.

Ipo tahadhari. Kikundi cha namna hii huharibika upesi kikigeuzwa darasa. Mara mlezi anaposhika kipenga na daftari la mahudhurio, mchezo hufa, na wazazi wanaoketishwa kusikiliza hotuba hujifunza kunyamaza tu. Aidha, lengo lisiwe kumkwangua mtoto tofauti mpaka afanane na wengine. Nusu ya somo ni ya wale wengine: wajifunze kuwa mwenzao anayeziba masikio hana dharau, na kuwa mchezo unaweza kubadilishwa kanuni moja ili naye aingie. Watoto hulijua hilo kuliko wakubwa. Katika michezo mingi ya utotoni mdogo asiyeweza huruhusiwa kucheza bila ya kuhesabiwa makosa, mpaka akomae. Hiyo ni sheria ya zamani ya huruma, na haikuandikwa na wizara yoyote.

Wapo watakaosema kuwa wazazi wa Mpanda hawana wakati wa kukaa kivulini wakizungumza juu ya watoto. Hoja hiyo ina ukweli kwa mwezi wa Disemba, wakati jembe halisubiri. Lakini baada ya mavuno kuna karanga za kubangua na mahindi ya kupukuchua, na kazi hizo hazikatai maneno. Kikundi kinachofuata kalenda ya shamba hudumu. Kinachofuata kalenda ya ofisi hufa na mvua ya kwanza.

Katumba na Mishamo zinaongeza funzo jengine. Mnamo Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kukabidhiwa kwa Warundi wa 1972 na wazao wao, baada ya miaka arubaini na zaidi ya kuitwa wakimbizi; waliokubaliwa uraia walikuwa wapata 162,000. Lilikuwa tendo kubwa, ambalo mataifa yenye mali kuliko Tanzania hayakuthubutu kulifanya kwa kiasi hicho. Hata hivyo cheti humfanya mtu raia tu. Jirani hufanywa mahala pengine, na kwa mtoto mahala hapo ni palepale anapofukuzwa au anapoitwa aje kucheza. Wazazi waliobeba makumbusho mazito huweza kuyarithisha bila ya kusema neno, kwa kumwita tu mtoto arudi ndani anapoonekana akicheza na mtoto wa fulani. Ndiyo maana wao nao wahitaji pahala pa kuketi pamoja. Wazazi wasiozungumza hawawezi kuwa na watoto wanaocheza kwa muda mrefu.

Yote haya yanahitaji fedha chache na ardhi kidogo, na ardhi ndiyo iliyo mashakani. Mpanda bado inapimwa, na michoro ya mitaa mipya huwa na sehemu zilizoandikwa kuwa ni maeneo ya wazi. Unguja na Pemba wanajua vyema namna maneno hayo yanavyofutika: kwanza huja rundo la matofali, kisha banda la muda, kisha ukuta. Mkutano wa mtaa unaolilinda eneo la wazi na mwembe wake mmoja umekwisha kufanya nusu ya kazi ya malezi, hata kama hakuna mtaalamu atakayefika. Nusu ya pili ni ya mzazi atakayetoka nje na mwanawe asiyeitwa, akaweka mkeka kivulini, na ya mzazi wa pili atakayekuja kuketi kando yake.