Spika za Hamamatsu

Ukienda kwa garimoshi toka Tokyo hata Osaka, nchini Japani, utaupita mji wa Hamamatsu, mashuhuri kwa vinanda. Mwaka 1887 fundi Torakusu Yamaha alitengeneza kinanda kibovu cha shule ya hapo, kisha akaunda chake. Yeye na mwenzake walikichukua mabegani, wakavuka milima ya Hakone hata Tokyo, ili wataalamu wakipime. Wakamwambia kweli: sauti zake hazilingani. Hakukasirika, alijifunza, akaunda kingine kizuri. Kampuni yenye jina lake ingali mjini humo.

Mwaka 1978 kampuni hiyo ilitoa spika za nyumbani, NS-10. Wanunuzi wengi hawakuzipenda, maana sauti yake ni kavu, na besi ni haba. Kumbe, mafundi wa studio za Marekani na Uingereza walizipenda kwa sababu hiyo hiyo: hazifichi kosa. Zilitengenezwa hadi mwaka 2001.

Basi, wewe unayerekodi kwaya nyumbani, angalia. Spika nyingi za sebuleni huongeza besi ili kupendeza masikio. Ukiziamini, utapunguza besi mno, na katika redio ya jirani wimbo utasikika mwembamba. Kwanza sikiliza kwa spika zako nyimbo unazozijua sana, upate kuzoea tabia yake. Kisha pima kazi yako kwa redio ndogo na kwa simu. Spika inayokusifu daima si rafiki wa fundi.