Kumpata fundi wa suti jijini si mchezo

Ukivuka Barabara ya Moi jijini Nairobi na kuingia Barabara ya Biashara, kitu cha kwanza kukulaki ni vitambaa. Majora yamesimamishwa milangoni kama askari wa gwaride. Zamani mtaa huu uliitwa Bazaar, na hadi leo wazazi huja hapa kutafuta sare za shule na nguo za watoto wachanga. Mwanamume anayetaka kushonewa suti naye huanzia hapa, kwa kuwa mafundi wengi hutaka uje na kitambaa chako mkononi.

Mimi na ndugu yangu mdogo tulifika hapa mwaka jana tukiwa na uso wa msiba. Zilikuwa zimebaki wiki tano afunge ndoa, na ndani ya mfuko wa karatasi alibeba koti la marehemu baba yetu, koti la sufu ya kijivu alilolivaa siku yake ya harusi. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa ameahidi kulipunguza kwa siku mbili. Hakupima chochote ila kifua. Alikata mabega, akayarudisha yakiwa yamepanda upande mmoja kama mtu aliyebeba gunia. Ndugu yangu hakusema neno, na mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka huko.

Tulizunguka maduka tukitafuta kitambaa kinachofanana na lile koti. Katika duka moja tuliuziwa cha suruali tukiambiwa ni sufu tupu. Mwenye duka lililofuata, alipoona yale mabega, alitikisa kichwa, akatuelekeza River Road, ghorofa ya tatu, kwa mzee mmoja asiye hata na bango.

Basi tukateremka, tukavuka Barabara ya Tom Mboya katikati ya makelele ya makanga, tukapanda ngazi zenye giza. Juu mlikuwa na cherehani nne, pasi nzito na harufu ya kitambaa kilicholoa maji. Mzee alikuwa akitia vifungo kwenye suti ya Kaunda, vazi lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Alituambia huku akicheka kwamba Spika Moses Wetang'ula alipolipiga marufuku bungeni Novemba 2023, wateja ndio kwanza waliongezeka.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia.

"Marahaba vijana. Harusi ni lini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. La pili lilikuwa ndugu yangu huvaa viatu gani, maana urefu wa suruali hupimwa ukiwa na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Akamuuliza pia huweka nini mifukoni, kisha akamwambia asimame kama kawaida yake na aache kujikaza kama yuko mbele ya mwalimu. Alipima mabega mara mbili. Kiuno, alisema, mtu yeyote anaweza kukitoa au kukiingiza baadaye mradi fundi ameacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma. Bega likishakatwa vibaya limekwenda.

Kisha akachomoa uzi mmoja kutoka kitambaa tulichonunua, akauchoma kwa kiberiti. Uliyeyuka, ukaganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Akachomoa mwingine kutoka koti la baba. Huo ulinuka kama nywele zinazoungua, na ukisagwa kwa vidole ukawa majivu. Msomaji, jifunze jambo hili kabla hujalipa: ile "sufu tupu" yetu ilikuwa poliesta. Akaongeza kuwa suti nzima ya mtu wa kimo cha kawaida huhitaji mita tatu hadi tatu na nusu za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, na chenye mistari au mirabaha huhitaji zaidi ili michoro ikutane mishononi.

Na koti? Aliligeuza ndani nje, akalitazama kwa muda mrefu.

"Kijana, nikikuambia hili litakuwa koti tena nitakuwa nakula pesa yako bure. Ninaloweza kukutolea humu ni kizibao."

Ndugu yangu alikaa kwenye benchi. Nilidhani atakataa. Alishika ile bitana iliyochakaa, akauliza kama mfuko wa ndani, ambamo baba alikuwa akiweka kalamu, unaweza kubaki. Mzee akasema utabaki.

Tulilipa nusu, akaandika vipimo vyote katika daftari. Tulirudi mara mbili kujaribisha, nguo ikiwa imeshikizwa kwa nyuzi nyeupe tu, na mara ya pili aliifumua kola yote kwa sababu haikulala vizuri shingoni. Mimi sikuwa nimeona kasoro yoyote. Fundi asiyetaka ujaribishe kabla hajamaliza, mkimbie.

Siku ya kuchukua, wiki moja kabla ya harusi, suti mpya ilikuwa imeanikwa na kizibao cha kijivu ndani yake. Mzee alitupatia pia mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mabaki yote ya koti la baba, hata vipande vyembamba kama kidole, na vifungo viwili vilivyosalia.

"Hivi ni vyenu," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.