Mtoto Anapovimba Ghafla

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye chumba cha dharura, kuna kilio ninachokitambua hata kabla sijamwona mtoto. Ni sauti iliyokwama, inayokwaruza kooni. Hapo huwa sisubiri kadi iandikwe.

Huo ni mzio mkali. Mtoto ameumwa na nyuki, amekula karanga, yai au samaki, ama amechomwa sindano ya penisilini, na mwili wake unakikataa kitu hicho kupita kiasi. Vipele na midomo kuvimba ni dalili za kwanza kwa wengi. Lakini akianza kukoroma anapovuta pumzi, kutapika mfululizo au kulegea, mkimbize hospitali.

Mama mmoja tunayesali naye alimleta mwanawe wa miaka 4, nyuki wamemuuma shingoni. Nyumbani alimpa Piritoni akangoja, naye bibi akaongeza kikombe cha maziwa ili kuua sumu. Siwalaumu, ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Ila Piritoni hutuliza muwasho tu, haifungui koo, na maziwa yanaweza kumpalia mtoto anayehema kwa shida. Dawa yenyewe ni adrenalini, sindano ya msuli, pajani upande wa nje. Mtoto yule alikuwa na kilo 15, akapata mililita 0.15 tu, ukiiona ndani ya bomba la sindano huwezi kuamini. Baada ya dakika 5 tulirudia, na koo likafunguka.

Mama yake alitaka kumnyanyua ampakate begani. Nilimzuia taratibu. Mtoto aliyelegea hulazwa chali, miguu ikainuliwa, kwani kumsimamisha ghafla kwaweza kusimamisha moyo. Anayepumua kwa taabu huachwa akae, miguu ameinyoosha.

Saa mbili baadaye kijana anaomba soda, na mama amekwisha kukunja kanga zake aende nyumbani! Tulikataa. Mzio huu waweza kurudi baada ya saa kadhaa bila nyuki mwingine. Walilala wodini.

Asubuhi tuliandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: NYUKI. Mwalimu wake aliambiwa, na bibi pia. Nami shule ya Jumapili huwauliza wazazi kwanza, kabla sijagawa karanga.