Diski ya mathe ilikuwa inakufa, nikaokoa video zangu kwanza

Wasee, kama kompyuta yako imeanza kutoa sauti ya tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena, izime. Sasa hivi, hii post itakungoja. Mimi sikuizima, ndiyo maana naandika.

Mathe ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kitui mjini, upande wa Kalundu. Ukifiwa, ukitaka CV, ukitaka makubaliano ya kuuza shamba yachapwe, unaenda kwake. Kompyuta ni ile ya mezani, ilinunuliwa mtumba nikiwa darasa la nne. (Shuleni tulilazimishwa kuiita tarakilishi. Kalundu sijawahi kusikia mtu akiiita hivyo.) Imekula vumbi miaka hiyo yote, na stima ikipotea katikati ya kazi inazimika ghafla kama imepigwa rungu.

Mwezi wa kumi ikagoma. Inawaka, inazunguka, inajizima. Mathe akaniita. Kumbuka mimi ndiye niliyeenda campo miaka miwili kabla ya kuacha, kwa hivyo kwa hesabu ya familia mimi ni injinia wa kila kitu chenye waya.

"Wewe si unajua hizi vitu? Angalia."

Sasa, hadi diski si kama flashi. Ndani kuna sahani zinazozunguka, kwa kompyuta nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusoma kinaelea juu yake bila kuigusa. Nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele, tena mbali sana. Ile tik mara nyingi ni kichwa kikitafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi, kinajaribu tena. Kila ukiwasha ni kama unamwambia mgonjwa akimbie. Kichwa kikigusa sahani kinaikwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Nilikuwa najua hayo yote. Niliwasha kama mara kumi.

Mara ya saba hivi ikakubali kufunguka. Mathe alikuwa anahudumia mteja. Nikachomeka flashi, na folda ya kwanza niliyonakili ilikuwa yangu: video zangu za kwanza kabisa, nikiwa fomu ya tatu, naigiza mwalimu wa zamu na kofia ya mjomba. Upuzi mtupu. Zilichukua karibu saa nzima, diski ikilia. Zilipoisha nikafungua folda ya kazi za wateja, skrini ikaganda. Tik, tik, tik.

"Zimetoka?" mathe akauliza.

"Zingine."

Siku mbili baadaye akaja mama mmoja, ametoka Mutomo. Anataka picha ya kijana wake, ile iliyowekwa kwenye programu ya mazishi. Simu iliyokuwa nayo iliibiwa, na nakala za programu ziliisha siku ileile, si unajua watu huzibeba. Mathe hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Ndiyo nikaanza kufanya vile ilifaa nifanye siku ya kwanza. Fundi mmoja wa simu aliniazima adapta. Hapo uwe makini: diski ya mezani inahitaji volti 12, na tundu la USB linatoa 5, kwa hivyo ule waya wa bei rahisi usio na umeme wake hauiwashi. Laptopu ilikuwa ya beshte. Nikaianzisha kwa Ubuntu kutoka kwa flashi, nikatumia programu ya bure inaitwa ddrescue. Hii inanakili diski nzima, si faili moja moja. Inachukua kwanza sehemu nzima, inaruka mbovu, halafu inazirudia baadaye pole pole. Ilipofikia inaandika kwa faili ndogo ya ramani, kwa hivyo stima ikipotea (ilipotea mara tatu) unaendelea ulipoachia. Cha kuogopa ni mpangilio: kwenye amri, diski gonjwa inatangulia, ya kupokea inafuata. Ukizibadilisha, unafuta kile unachookoa. Ule mstari niliusoma mara nyingi kuliko karatasi yoyote ya mtihani.

Usiku tatu, kwa sababu mchana joto la huku unalijua, feni ikielekea diski. Na hapana, sikuiweka kwa friji. Huo ushauri umejaa mtandaoni na ni mbaya: ukiitoa, unyevu unatulia juu ya sahani, halafu unataka kichwa kipite hapo.

Orodha ya majina ya faili ilikuwa imeharibika, kwa hivyo juu ya ile nakala nikatumia PhotoRec. Hiyo haijali majina, inatambua faili kwa alama zake za mwanzo. Unapewa maelfu ya vitu vinavyoitwa f na namba ndefu, ufungue kimoja kimoja.

Nikafungua. Wasifu wa marehemu, kadi za harambee, kumbukumbu za chama. Najua mnachofikiria, ingekuwa kontenti safi. Zii. Hao watu walimlipa mathe awachapie, hawakunilipa mimi niwasome.

Halafu nikakuta jina langu. Barua ya kuomba basari. Nikafungua nyingine: barua ileile, ofisi tofauti. Zilikuwa saba. Mimi huambia watu, hadi kwa video, kwamba niliacha campo kwa sababu nilijiamini. Ilikuwa karo. Na nilidhani mathe aliposikia deni alikubali tu, akanyamaza. Kwenye barua ya sita ameandika yuko tayari kuuza mashine ya kopi ili atoe nusu yake. Hiyo mashine ndiyo inatulisha. Sijamwambia nimeziona. Mtu atamwonyesha hii post, najua.

Picha niliipata usiku wa tatu, saa tisa. Nusu. Faili ya picha ikikatika, juu inaonekana sawa, halafu kuanzia mahali fulani ni kijivu tupu. Uso ulikuwepo wote, na kola ya shati. Kama ningeanza na folda ya wateja siku ile, pengine ingetoka yote. Pengine ilikuwa imeshaharibika. Hakuna programu ya kuniambia.

Mathe aliikata pale kijivu kinapoanzia, akatoa nakala mbili kwa karatasi nzuri, akakataa pesa. Yule mama akaitazama muda mrefu. Akauliza mikono iko wapi, kwa sababu siku hiyo kijana alikuwa ameshika cheti.

"Kompyuta imekula," mathe akasema. Hakuniangalia.