Pointi Gadi wa Shangazi

Kwenye drafti ya NBA ya mwaka wa 2009, Minnesota walikuwa na chaguo la 5 na la 6. Walitaka pointi gadi, wakachukua wawili mfululizo: Ricky Rubio, kisha Jonny Flynn. Wa 7 akaenda Golden State. Huyo ni Stephen Curry.

Makocha wa mtaani hupenda hii stori. Humwambia mtoto mfupi kwamba hata Curry walimwona mwembamba, hana nguvu, na leo ana mataji 4. Sawa. Lakini mimi humfikiria Flynn. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 81 kati ya 82. Mwaka wa 2010 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na kufikia 2012 NBA ilikuwa imemwishia. Kipaji alikuwa nacho. Nyonga ndiyo ilikataa.

Nasema haya kwa sababu shangazi yangu ameniomba nimpime mwanawe. Ana miaka 17, ni pointi gadi, na anataka kuacha vitabu afuate mpira. Shangazi ananiuliza mimi kwa kuwa huandika makala za michezo, na kwa kuwa ndiye niliyeacha chuo. Anaona najua vile maisha hukaa bila cheti.

Nimemfuata mechi tano nikiwa na kalamu. Mashabiki humshangilia akimwacha mtu amekaa chini kwa krosova. Mimi naandika vitu vya kuchosha: pasi zilizozaa kikapu, mipira aliyopoteza, na anachofanya sekunde tatu baada ya kuporwa. Wengine humnyooshea refa mikono. Yeye hugeuka na kukimbia kukaba, kila mara. Anaona uwanja mzima. Pasi yake hufika kabla mwenzake hajajua yuko huru. Lakini mkono wa kushoto ni mzito, na akibanwa na wawili, mpira humponyoka. Ana futi 5 na inchi 9, na hakuna mrefu kwao.

Halafu kuna swali ambalo kalamu haijibu: atacheza wapi? Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi. KPA ni ya bandari. Strathmore na USIU ni vyuo. Kwetu mpira mara nyingi hukulipa kwa kupitia kitu kingine, kazi au karo. Ni kweli mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, na vijana wote wanaijua hiyo. Mlango umefunguka, lakini timu moja ina nafasi ngapi za pointi gadi? Mbili, tatu hivi.

Ningeweza kumwambia shangazi hapana, na hangenilaumu. Ila mimi pia nilipimwa nikiwa na miaka 21, na kipimo kilikuwa salio la karo. Hakuna aliyeuliza naandika vipi. Ukoo ukasema nimepotea, na wengine bado wanasema, hata wakiniomba niwaandikie barua za kazi.

Kwa hivyo nilimpa kile nilichoona, bila kuongeza. Nikamwambia: shangazi, urefu hatuwezi kuurekebisha, mkono wa kushoto tunaweza. Akimaliza shule, kuna chuo kinachoweza kumlipia karo ili aichezee timu yake. Kama atakuwa bado anakula kwa mpira akiwa na miaka 30, sijui, na anayekuambia anajua anakuuzia kitu.

Shangazi akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo shuleni anabaki?"

"Anabaki. Na mpira asimnyang'anye."

Binamu hakufurahia. Alitaka nimwite Curry. Nilimwambia kuanzia Jumatatu aanze kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto.