Cha Juu Kina Dhamana Yake

Kuuza mali usiyoimiliki hakukuletwa na simu janja. Katika mwambao wetu mali kauli ilikuwapo zamani: mwenye mzigo anamkabidhi mtu bidhaa kwa ahadi ya mdomo, huyo anakwenda kuuza, akirudi anatoa fedha ya mwenye mali na faida inabaki kwake. Misafara ya karne ya 19 kwa sehemu kubwa iliendeshwa kwa mikopo ya namna hiyo. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliingia bara na bidhaa alizochukua kwa matajiri wa Unguja, na Taria Topan, Mhindi aliyewahi kuendesha forodha ya Sultani, alikuwa miongoni mwa waliomkopesha. Biashara ile ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa pia, kwa hiyo haina cha kusifiwa. Ninaloliangalia hapa ni moja tu: tajiri aliyebaki Unguja alikuwa na uhakika gani kwamba mali yake itarudi? Alimjua mtu wake, ukoo wake na nyumba yake. Aliyevunja kauli hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, maana wakopeshaji walikuwa wachache na walijuana.

Sisi tunaoikumbuka Kariakoo ya Dar es Salaam kabla ya simu za mkononi kuenea tuliukuta utaratibu huohuo, ila umebadili mavazi. Kijana asiye na fremu alisimama mlangoni mwa duka la mtu, akaita wapita njia, akamwingiza mteja ndani na kumpigia bei. Mwenye duka alikuwa na bei yake, kijana akaongeza cha juu, na ziada hiyo ndiyo iliyomlisha. Sababu ya kutokuwa na duka ilieleweka. Kodi ya fremu katika mitaa kama Kongo, Aggrey na Sikukuu ni kubwa, na mara nyingi inatanguliwa na kilemba, fedha nzito anayolipwa anayekuachia nafasi hata kabla hujaweka rafu ukutani. Kijana aliyetoka mkoani na nauli ya kurudi tu hakuwa na ubavu huo. Lakini katika mauzo yake watu watatu walisimama mahali pamoja. Mteja aliishika suruali, akaivuta mshono, akaipima kiunoni. Mwenye duka alimwona mteja. Ikichanika kesho yake, mteja alijua pa kurudi, na kijana aliyemwingiza alikutwa palepale mlangoni.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kwa awamu, na kila awamu iliondoa kitu kimoja katika mkutano huo wa watu watatu. Kwanza iliondoka haja ya kukabidhiana fedha mkononi. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kisha ikaondoka haja ya kuishika bidhaa. Instagram ilipozaliwa mwaka 2010 ilikuwa mahali pa kuonyeshana picha, lakini haikuchukua muda mrefu kugeuka dirisha la duka. WhatsApp ilipoleta picha na video za saa 24 kwenye status mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatoa programu maalumu ya wafanyabiashara, hata asiyekuwa na wafuasi wengi alipata pa kutandaza bidhaa: mbele ya kila aliyehifadhi namba yake. Mwisho ikaondoka safari yenyewe, kwa kuwa bodaboda alifika hadi mlangoni na basi la mkoani lilibeba boksi kama linavyobeba abiria.

Tufuatilie jozi moja ya viatu tuone ilivyo. Asubuhi kijana anapita madukani akipiga picha, pengine kwa ruhusa ya mwenye duka, pengine kwa kunakili picha alizorushiwa kwenye kundi. Anaandika: viatu vikali, namba 38 hadi 44, bei njoo inbox, Dar tunakuletea ulipo, mikoani tunatuma. Mwalimu aliyeko Mbeya anauliza kama namba 42 ipo. Kijana anajibu ipo, kisha ndiyo kwanza anampigia mwenye duka kuuliza kama ipo. Fedha inaingia kwenye simu yake, anakwenda dukani kulipa bei ya jumla, anafunga mzigo, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu nzito, anaupeleka kwenye basi, kisha anamtumia mteja picha ya risiti na namba ya simu ya kondakta. Kiatu kinasafiri zaidi ya kilomita 800. Muuzaji hakuwahi kuwa na kiatu zaidi ya saa chache, na mnunuzi hakuwahi kumwona muuzaji. Mara nyingi mambo huenda sawa, ndiyo maana biashara hii imekua hadi kulisha familia nyingi mjini.

Swali linaanza pale boksi linapofunguliwa na kukutwa namba 40. Mwenye duka anasema hamjui mwalimu huyo. Yeye alimuuzia kijana, na kijana alichagua mwenyewe. Kijana anasema yeye ni wa kati tu, amechukua alichopewa, na ukurasa wake umeandika wazi kwamba hela ikitumwa hairudi. Kampuni ya basi inasema ilipokea boksi lililofungwa. Wote watatu wana hoja, na mwalimu hana viatu. Hapo ndipo naona lililobadilika kweli. Mali ipo, ghala lipo, duka lipo. Kilichopotea njiani ni mtu mmoja anayesema: hili ni langu, nitalibeba. Hoja yangu ni kwamba muuzaji asiye na mzigo hana kingine cha kuuza ila dhamana hiyo. Kiatu ni cha mwenye duka, usafiri ni wa basi, picha huenda ni ya kiwanda. Cha juu anachokula ni halali pale tu kinapokuwa malipo ya kusimama katikati na kuwajibika.

Waliotangulia katika kazi hii ughaibuni walilijua hilo kwa gharama. Amazon ilipoanza kuuza vitabu Julai 1995 haikuwa na akiba kubwa. Mteja alipoagiza, kampuni nayo iliagiza kwa wauzaji wa jumla. Ukuaji ulipokuja ililazimika kujenga maghala, na mwaka 1997 ikafungua jipya katika jimbo la Delaware. Mfano wa Zappos unafundisha zaidi. Kampuni hiyo ya viatu ilianza mwaka 1999 ikiacha kampuni za viatu zitume mizigo moja kwa moja kwa wateja. Kufikia mwaka 2003 mauzo ya namna hiyo yalikuwa kama robo ya mauzo yake yote, na yalikuwa fedha rahisi, bila akiba wala ghala. Hata hivyo mkuu wa kampuni, Tony Hsieh, na wenzake waliyafuta, kwa sababu taarifa za kilichopo na kisichopo hazikuwa sahihi, mizigo ilichelewa, na aliyelaumiwa na mteja alikuwa Zappos. Somo hapa si kwamba kila kijana wa Kariakoo akajenge ghala. Somo ni kwamba kosa la msambazaji humrudia aliyetoa ahadi, apende asipende, na mwenye akili hulihesabia mapema.

Wapo wanaosema hoja hii inawatukuza bure watu wasiozalisha chochote. Kwao winga, kama anavyoitwa kijana huyu wa kati, ni mdudu wa katikati: bidhaa ya shilingi 25,000 anaifanya 35,000, na mteja angejua duka lilipo asingemhitaji. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Kwa mkazi wa Ilala anayeweza kutembea hadi Msimbazi, cha juu kinaweza kuwa hasara tupu. Kwa mwalimu wa Mbeya hesabu ni nyingine. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, siku za kazi alizozikosa na usumbufu wa kutafuta duka katika mitaa asiyoijua, vyote vinazidi shilingi 10,000 mara nyingi. Anayemjulia duka lenye mzigo mzuri, anayelinganisha bei za maduka matano na kumfungia boksi vizuri, amefanya kazi. Tatizo langu na winga halianzi na kiasi anachoongeza. Linaanza pale anapoongeza na kisha kukana kwamba alihusika.

Wengine wanasema dawa ni majukwaa makubwa yenye maghala, kanuni na huduma kwa wateja. Majukwaa hayo yana faida zake, lakini historia yetu inatahadharisha. Jumia, iliyoingia katika soko la hisa la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba mwaka huohuo, ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Vijana wa Kariakoo hawakuwa na soko lingine la kuelekea, wakabaki. Walibaki kwa kuwa hawalipi kodi ya pango wala mishahara, na kwa kuwa wanaongea na mteja mmoja mmoja hata usiku wa manane. Nguvu yao ni ukaribu huo. Tusitegemee kampuni ya mbali itakuja kutuletea uaminifu. Uaminifu utajengwa ndani ya biashara hii ilivyo, au hautajengwa.

Kuna pia wanaoamini kwamba kulipa baada ya kupokea kumemaliza mjadala. Ndani ya Dar es Salaam kumesaidia sana. Bodaboda anafika, mteja anafungua, anajaribu, anatuma hela, kila mmoja anakwenda zake. Lakini njia hii inahamisha hatari tu. Mteja akizima simu wakati bodaboda yuko mlangoni, au akisema rangi hakuipenda, nauli ya kwenda na kurudi inamwangukia kijana, na kwa faida ya shilingi elfu chache safari mbili za namna hiyo zinakula kazi ya siku nzima. Kwa mikoani ni vigumu zaidi, maana boksi halirudi Dar bure. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji wazoefu wanaomba nauli itangulie na bei ya bidhaa ifuate mteja akishaona mzigo. Huo ni mgawanyo wa haki kuliko ule wa upande mmoja kubeba yote. Dhamana inamhusu mteja pia. Anayeagiza kwa mzaha anampandishia bei anayeagiza kwa dhati.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria. Inasemwa kwamba ukianza kudai majina, anwani na leseni, utawafukuza vijana wasio na ajira kutoka katika kazi pekee waliyoipata. Nakubali kwamba mzigo wa leseni na kodi unapaswa kulingana na ukubwa wa biashara, na anayepata cha juu cha elfu tano tano hawezi kutazamwa kama mwenye makontena. Ila kujitambulisha ni jambo jingine, na halina gharama. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 tayari inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe na aeleze wazi bidhaa na bei yake. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 nayo inagusa mikataba ya intaneti. Ukurasa unaoandika bei njoo inbox unamnyima mteja jambo la kwanza kabisa analostahili kulijua. Kijana mwaminifu hapotezi kitu kwa kuweka jina lake, mtaa wa duka analochukulia mzigo, bei, na masharti ya kubadilisha bidhaa. Anayepoteza ni yule anayefungua ukurasa mpya kila wa zamani ukichafuka, na huyo ndiye anayewaharibia wengine soko.

Limebaki neno moja kwa wanaofundisha vijana kwamba hii ni biashara bila mtaji. Maneno hayo yanauzika, na semina nyingi zimejengwa juu yake, lakini si kweli. Ni kweli hakuna fedha iliyolala kwenye rafu. Lakini bando ni fedha, nauli ni fedha, na siku boksi litakapofika na namba 40 badala ya 42, jibu la heshima ni kumrudishia mteja hela yake leo, kisha wewe na mwenye duka mkamalizane kesho. Fedha ya kufanya hivyo lazima iwepo kabla ya mauzo ya kwanza, imetengwa, haiguswi kwa kodi ya chumba wala kwa chakula. Huo ndio mtaji wa asiye na mzigo. Mwenye mzigo akikosea anabaki na bidhaa. Asiye na mzigo akikosea ana jina lake tu la kupoteza. Kwa hiyo, kijana unayetaka kuanza, usianze kwa kutafuta picha nzuri. Tenga kwanza kiasi cha kurudisha mauzo mawili matatu kutoka mfukoni mwako bila kumsubiri mtu. Kama huna, bado hujaanza biashara. Unacheza na hela za watu.