Kubwaga Moyo

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba jina Bagamoyo lina maana moja tu: kilio cha mateka aliyeubwaga moyo wake bara kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Siku moja kijana mmoja akauliza: je, mpagazi aliyefika pwani na pembe ya ndovu begani hakubwaga naye mzigo, na moyo ukatulia? Nikamwamuru aketi.

Nilifika Bagamoyo kwa mara ya kwanza baada ya kustaafu. Nilipita kati ya nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimebaki kuta tupu, nikasimama mbele ya milango ya nakshi. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Hapa ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, na hapa Wajerumani waliweka makao yao hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwa ujira. Mateka walikuja shingo zimefungwa. Njia ilikuwa moja. Kubwaga ni kuangusha mzigo, lakini moyo waweza kubwagwa kwa faraja au kwa kukata tamaa, na lugha haikumkataza yeyote kati yao.

Huku Lufingo akina mama hutua mikungu ya ndizi kando ya barabara, wakashusha pumzi. Hapo humkumbuka yule kijana. Nasikia yuko Mbeya mjini, naye ni mwalimu. Bado sijamwendea.